Funga Macho Nibadilishe Mfuko

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, mkono umeshika tumbo chini upande wa kushoto, na tayari umemeza dawa ya amiba mara kadhaa bila kupona, nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la saba na sikurudi. Lakini ugonjwa huu ulikaa ndani yangu muda mrefu, na kitu kikiwa karibu nami siwezi kukiacha bila kukichunguza. Nitakueleza nilivyoupitia. Nitakueleza pia habari za mama mkwe wangu, kwa sababu habari zake na za tumbo langu zimeshikana.

Naitwa Kioko. Kwetu ni Mwala, Ukambani, lakini maisha yangu ya ukubwani yote yamekuwa Nairobi. Nimechanganya simiti, nimetengeneza baiskeli, nimekaanga chipsi Kilimani, nimefunga mahema ya harusi na kuyafungua. Nikishaelewa kazi inavyokwenda, nilikuwa naihama. Iliyonishika ni kuosha vioo vya majumba marefu kule Upper Hill. Unateremshwa kwa kamba kutoka juu ya paa, ndoo pembeni, na unaona watu ndani ya ofisi wakinywa chai bila kujua kama upo. Kutoka huko juu nilikuwa nikiiona hospitali kubwa chini yangu, na watu wamejaa kwenye vibaraza vyake tangu asubuhi. Nilijiuliza wanangoja nini siku nzima.

Maumivu ya kwanza yalikuja wakati wa jua kali, kabla ya mvua ndefu. Tulikuwa tunaosha jumba moja Kilimani, mimi na Wafula, Mbukusu niliyekuwa nikifanya naye kazi kamba kwa kamba. Nilihisi kama mtu ameniminya kwa koleo chini ya kitovu, upande wa kushoto. Nikajikunja.

"Niaje, Kioko? Mbona umejikunja kama mtu ameibiwa?"

"Tumbo."

"Ala! Mkamba akiumwa tumbo anaanza kuhesabu majirani, nani kamroga. Nani umekosea huko kwako Waithaka?"

Nilicheka, na kicheko kikaniuma zaidi. Jioni nilipita kwa duka la dawa karibu na nyumbani, nikaeleza. Kijana wa dukani hakuniacha nimalize. "Hiyo ni amiba. Nairobi nzima iko na amiba." Nikameza, nikapata nafuu. Maumivu yakarudi. Nikaenda kliniki ndogo, wakanitoa damu, wakasema ni taifodi. Nikameza tena, nikapata nafuu tena. Baadaye sana daktari alinieleza kwamba ile dawa ya amiba huwa inautuliza kidogo ugonjwa huu, ndiyo maana ilinidanganya. Kama na wewe umepata nafuu ya namna hiyo mara mbili tatu, usiiamini. Omba upigwe picha.

Ndinda, mke wangu, hakuwepo. Alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na tajiri wake hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa. Tulionana kwa simu. "Umekonda," alikuwa akisema. Nami nilikuwa nikisogeza simu karibu na uso ili asione chochote zaidi.

Mvua ndefu zilipoanza kazi ya kamba ilipungua. Nilikuwa nyumbani, chumba kimoja Waithaka kilichogawanywa kwa pazia, kitanda huku na viti kule. Nilikuwa nimefunga choo. Tumbo lilikuwa gumu kama gunia la mchanga. Wafula alikuja kunitazama akiwa na chupa ya dawa ya miti shamba, nyeusi kama oili chafu. "Kunywa hii usafishe tumbo," alisema. "Hata mjomba wangu ilimsafisha." Wafula ananipenda, hakuniletea kwa ubaya, na huku kwetu kila ugonjwa wa tumbo dawa yake huanza na kusafisha. Nilikunywa. Tumbo lilisokota, likasokota, halafu kitu kikaachia ndani, na kwa muda mfupi sikusikia uchungu wowote. Nikamwambia Wafula imefanya kazi. Kumbe utumbo ulikuwa umepasuka.

Siku iliyofuata nilipelekwa kwenye ile hospitali kubwa, na ndipo nilipojua watu wa kwenye vibaraza wanangoja nini. Wanangoja kuitwa jina. Unakaa kwenye benchi na jirani yako, mnasogea pamoja kila mtu mmoja akiitwa, na mnakuwa kama ndugu, kisha anaitwa yeye na humwoni tena. Mwanamke mmoja aliyekuja na mumewe alinipa leso yake niikunje, niilalie. Homa ilikuwa inanitetemesha. Kupitia dirishani niliona jumba tulilokuwa tumeliosha juma lililopita, na doa moja kwenye kioo cha juu ambalo tuliliacha. Sijui kwa nini, hilo doa ndilo lililoniliza.

Waliniingiza kwenye ile mashine ya duara kama tairi kubwa la trekta. Daktari wa upasuaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya polepole, alikuja kitandani na picha. Nilimwomba anionyeshe.

"Unataka kuona kweli?" aliuliza. "Wengi hawataki."

"Daktari, mimi redio nikinunua naifungua kwanza."

Akanionyesha. Utumbo mpana, upande wa kushoto, ulikuwa umetoa vifuko vidogo kwa nje. Aliniambia jina lake refu la Kizungu, na nilipomwomba alirudie, akaacha, akauliza nilifanya kazi gani zamani. Nikasema baiskeli. "Tyubu ikichoka, inafanyaje?" Nikaelewa papo hapo. Tyubu ikichoka, sehemu dhaifu hutoa kinundu. Ukizidi kuijaza upepo, kinundu kinakua. Wengi wana vinundu hivyo maisha yao yote na haviwasumbui. Vyangu vilikuwa vimeingia uchafu, vikavimba, vikatunga usaha, na kimoja kikapasuka.

Nilimuuliza chanzo. Alisema hakuna mtu anayeweza kunipa jibu moja. Umri, ukuta wa utumbo wenyewe, miaka ya choo kigumu, chipsi na mkate mweupe kila siku. Halafu akaniuliza kama nilikuwa nikimeza vidonge vya maumivu. Nilikuwa nikivimeza kama njugu, kwa sababu ya mgongo na kamba. Akatikisa kichwa. "Hivyo pia havikusaidia. Na ile chupa nyeusi nayo usiiguse tena."

Kwanza walijaribu kunitibu kwa dripu, bila kula, bila hata maji. Homa ikakataa kushuka. Wakanipasua. Walikata kipande kibaya, na kwa vile ndani kulikuwa kumechafuka, hawakuweza kuunganisha. Ncha ya utumbo wakaitoa nje ya ngozi ya tumbo, upande wa kushoto, na juu yake wakabandika mfuko. Choo kikawa kinatokea hapo.

Nilipozinduka nilitazama chini nikaona nyama nyekundu, yenye unyevu kama ndani ya shavu, ikisogea yenyewe. Mimi ninayependa kufungua kila kitu nione cha ndani, sasa cha ndani kilikuwa nje kikinitazama. Niligeuza uso.

"Nitaunganishwa tena?" niliuliza siku daktari alipopita.

"Tungependa. Upone kwanza, unenepe, halafu tuangalie kipande kilichobaki. Kuna watu tunawaunganisha. Kuna watu tunashindwa, wanaishi na mfuko, na wanaishi vizuri." Akafunga faili yangu. "Sitakuahidi, Kioko."

Kuanzia siku hiyo sikuwa na wazo jingine. Kazi ya kamba mkanda wake hupita pale pale. Ndinda alikuwa hajui. Nilitaka niunganishwe, tundu lifungwe, kabla hajarudi, mke wangu anikute jinsi alivyoniacha.

Sista wa vidonda alinifundisha kubadilisha mfuko. Unasafisha kwa maji ya uvuguvugu, unakausha, unabandika, halafu unaweka kiganja juu yake na kukiacha pale, mpaka joto la mkono liyeyushe gundi ishike. "Usiharakishe hapo mwisho," alisema. "Wengi wanabandika na kuondoka, halafu wanashangaa unavuja."

Waliniachia wakati baridi ilikuwa imeanza. Mshono wa katikati ulikuwa umeshika uchafu na kuachana, mikono yangu ikitetemeka, na sikuweza kuinama nikajiona vizuri. Wafula alijitolea kunibadilishia. Alifunua mfuko, akatazama, akasema, "Ngoja kidogo, ndugu yangu," na akatoka. Nilimsikia akitapika karibu na mfereji wa maji wa ploti, tunaotumia wapangaji wote.

"Pole," nilimwambia aliporudi.

"Wacha. Mimi ndio naomba msamaha, na wewe ndio unaniambia pole?"

Ni yeye aliyempigia Ndinda simu. Nilikasirika, lakini nisingeweza kumzuia. Ndinda alilia, akasema atatoroka aje. Tukamsihi asitoroke. Mama yangu mzazi alikwisha kufariki, dada sina. Kwa hiyo Ndinda akampigia mama yake kule Mwala, na mama yake akaja.

Sasa hapa lazima nieleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni aibu na heshima zikiwa neno moja. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawagusani, hata mkono wa salamu. Hawali mmoja mbele ya mwingine, na chumba ambacho mkwe analala mama mkwe haingii. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Kanisa limelegeza mambo mengi na vijana wa siku hizi wanakaa na mama wakwe wao wakipiga picha za simu, lakini Mama Ndinda alikuwa wa kanisa na wa nthoni kwa pamoja, na haoni kama vinagombana. Tangu nimuoe binti yake nilikuwa sijawahi kuuona uso wake ukinigeukia.

Alifika na kikapu na mkoba wa Biblia, akapata pa kulala kwa mwanamke wa kanisa lake kwenye ploti hiyo hiyo. Asubuhi alikuja akakaa upande wa pili wa pazia, akawasha jiko, akapika uji. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia akipumua. Lakini hakuniambia neno. Alimwambia Wafula.

"Mwambie mwenye nyumba uji uko tayari."

"Mwenye nyumba, uji uko tayari," Wafula akasema.

"Mwambie Mama asante."

"Mama, anasema asante."

"Muulize kama aongezewe sukari."

Wafula alitingisha kichwa akicheka. "Msidhani nawashangaa. Kwetu pia mama mkwe akikutokea njiani unaruka kwa mahindi. Lakini kwetu kuna mahindi ya kurukia. Hapa nyinyi mko na pazia peke yake."

Ikaenda hivyo kwa siku kadhaa. Wafula alikuwa akipita kabla ya kazi na baada ya kazi, akinisaidia na mfuko akiwa ameziba pua kwa kola, na haukuwa unashika. Ngozi ikachubuka. Kila uliposhindwa kushika, nililala katika uchafu wangu mpaka arudi, na upande wa pili wa pazia Mama Ndinda alikuwa akikohoa kuonyesha yupo. Harufu ilimfikia. Nilijua ilimfikia, na alijua ninajua.

Asubuhi moja ya baridi, Wafula akiwa Upper Hill, homa ilinirudia. Mfuko uliachia wote. Nilijaribu kujifuta, nikaangusha beseni. Nilijikuta ninalia kwa sauti kama mtoto, na nikaziba mdomo kwa shuka asisikie. Nilisikia kiti kikisogezwa. Halafu sauti yake, kwa mara ya kwanza ikinielekea mimi, kwa Kikamba.

"Funga macho."

"Mama, usiingie."

"Nimesema funga macho. Ukifunga, hujaniona. Usiponiona, sijaingia."

Nilifunga. Pazia likasogea. Alinukia moshi wa makaa na sabuni ya bar. Alichota maji, akakamua kitambaa, akanisafisha bila haraka, kama mtu anayeosha kitu cha kioo. Sikufumbua. Aliniuliza sista alisemaje, nikamweleza hatua kwa hatua, na akafuata. Tulipofika mwisho nikasema, kwa aibu, kwamba sasa inabidi kuweka kiganja juu, kwa muda, ili ishike.

Nilimsikia akikausha mikono. Kisha nikahisi kiganja chake juu ya mfuko, kikavu, kizito, kina joto. Akakiacha pale. Nje kuku wa jirani alikuwa akitembea juu ya mabati. Mfuko huo ulikuwa wa kwanza kushika bila kuvuja.

Kuanzia hapo ndivyo tulivyofanya. "Funga macho nibadilishe mfuko," alikuwa akisema, nami nikifunga. Akimaliza alitoka, pazia likarudi, na akatumia tena mdomo wa Wafula hata kwa kuniuliza kama nina baridi. Lakini nikiwa nimefunga macho aliongea. Aliniambia habari za shamba lake, mtama uliokauka, mbuzi anayefungua mlango kwa kichwa. Alinichekesha mpaka mshono ukauma. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na mimi niliishi na binti yake miaka yote hiyo bila kujua.

Siku moja alitaka kujua ugonjwa wenyewe. Nilimweleza habari za tyubu. Alisikiliza huku anakausha ngozi.

"Kwa hivyo si mbegu?"

"Mbegu gani, Mama?"

"Za mapera. Mtu akimeza mbegu za mapera zinajificha kwa utumbo, zinaoza. Kila mtu anajua."

"Hata mimi nilimuuliza daktari hivyo. Alisema zamani hata wao walikuwa wakikataza mbegu. Siku hizi wanasema mbegu hazina makosa."

Mikono ikasimama. Nilidhani nimemkosea. Macho yangu yalikuwa yamefungwa, na sikuwa na njia ya kumsoma.

"Baba yake Ndinda alishika hapa hapa," akasema mwishoni. "Kushoto, chini. Akavimba. Kulikuwa hakuna picha, hakuna nini. Tukasema ni mapera, kwa sababu aliyapenda, alikuwa akiyala na mbegu zote kama ndege. Mwisho mwisho hakutaka chakula. Yalikuwa yameiva mbele ya nyumba, harufu inaingia mpaka ndani. Akaniambia, niletee moja tu. Nikamwambia, hilo ndilo linakuua na bado unalitaka. Akaniomba kesho yake pia. Sikumletea."

Akaweka kiganja juu ya mfuko. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Mambo hayo hayafichiki kwenye ploti. Mwanamke wa kanisa aliona, akapeleka habari Mwala, na mjomba wa Ndinda, kaka yake Mama, akanipigia simu.

"Wewe Kioko. Nasikia dada yangu anakuosha."

"Ni ugonjwa, mjomba."

"Najua ni ugonjwa. Mimi si mjinga. Lakini sikia. Saa hii yeye si mama mkwe wako, ni nesi wako. Sasa binti yake ataingia wapi kwa hiyo nyumba? Jitahidi ufungwe, kijana. Ukifungwa, kila mtu arudi mahali pake."

Ndinda naye alipojua alinipigia simu. "Mama yangu amekushika?" akauliza. "Mama yangu?" Sikujua kama analia kwa ajili yangu au yake. Simu zake zilipungua baada ya hapo. Aliniambia baadaye kwamba hakujua atutazame vipi, mimi au mama yake, na alifurahi kwamba bahari ilikuwa katikati. Nilikonda zaidi kwa kukosa simu hizo kuliko kwa usaha.

Jakaranda zilipochanua, nikiwa nimeanza kutembea, nilirudi Upper Hill kwa kipimo. Waliingiza kamera kutazama kipande kilichobaki chini. Nilimwomba daktari anigeuzie skrini. Kulikuwa kwekundu na kumekunjamana. "Bado," alisema. "Kimechoka kwa kukaa bila kazi, na wewe mwenyewe bado mwepesi. Rudi mwaka ukianza." Nilimuuliza kama bado kuna matumaini. Alisema, "Bado kuna," na nikaondoka na maneno hayo mawili nikiyapima njia nzima. Kwenye jumba la pili kutoka hospitali kulikuwa na mtu kwenye kamba, anaosha. Alikuwa Wafula. Nilipunga mkono, lakini kutoka huko juu watu wa chini wote hufanana.

Mvua fupi zikaja zikapita. Mama alinipikia muthokoi laini, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akinisimamia kupitia pazia mpaka nimalize. Nilinenepa. Mshono ukafunga. Nilikuwa tayari naweza kubadilisha mfuko mwenyewe, na nilijua hivyo, na yeye alijua. Lakini asubuhi alisema, "Funga macho," nami nikafunga, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwaka ulipoanza wakanipima tena, na wakakubali.

Nilipozinduka mara ya pili nilipeleka mkono upande wa kushoto kabla ya kufumbua macho. Kulikuwa na bandeji iliyolala bapa. Hakukuwa na mfuko. Nilitarajia kufurahi, na nikafurahi, lakini furaha ilikuja na kitu kingine ambacho sikukielewa siku hiyo.

Baada ya kuunganishwa, hospitali nzima inangoja kitu kimoja: utoe hewa. Ukitoa, maana yake njia imefunguka. Daktari anauliza, sista anauliza, mgonjwa wa kitanda cha jirani anauliza. Mama Ndinda alifika saa ya kuona wagonjwa na Wafula. Hakuingia wodini. Alisimama nje ya mlango, uso ameuelekeza ukutani, na Wafula akaja kitandani amejaa kicheko.

"Mama ametuma swali, lakini hawezi kulisema. Anasema nikuulize kama umesema."

"Kusema nini?"

"Hivyo tu. Kama umesema, kule nyuma."

Nilikuwa nimesema asubuhi hiyo. Wafula alirudi mlangoni. Niliona bega la Mama, ukingo wa kitambaa chake cha kichwa, na kitambaa hicho kikainama, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Nilimngoja aingie. Nilifunga macho kabisa, nikalala hivyo, nikidhani labda nikifunga ataingia. Nilipofumbua, walikuwa wamekwisha kuondoka.

Alikuwa amerudi mahali pake.

Hakunigusa tena, wala hakuniambia neno. Nilirudi Waithaka, na ikawa "mwambie mwenye nyumba" asubuhi na jioni, kana kwamba miezi yote ile ilikuwa ya watu wengine. Sikumlaumu. Alinipa nilichohitaji kwa kujifanya hakipo, na ili kiendelee kuwa hakipo ilibidi aondoke nacho. Mjomba alipiga simu kusema nimefanya vizuri. Ndinda naye akaanza kupiga tena, na akaniomba nimwonyeshe kovu. Nilimwonyesha. Alilitazama muda mrefu, akasema mkataba wake ukiisha anakuja nyumbani.

Kwenye kamba sijarudi. Ninachonga funguo kwenye kibanda hapa Waithaka. Tumbo huuma nikikaa na kiu au nikisahau mboga, na kuna siku choo kinanikimbiza. Haya nayo uyajue: kuunganishwa hakukurudishii tumbo la zamani. Na kama hutaunganishwa, tafuta mtu mwenye kiganja kizuri.

Mama alikaa mpaka msimu wa mapera. Daktari alikuwa ameniruhusu matunda yote. Asubuhi ya kuondoka kwake alifunga kikapu chake, na Wafula alikuwa amekuja kumbebea mpaka steji ya magari. Nilikuwa upande wangu wa pazia. Mkono wa Wafula ulipita na sahani. Yalikuwa mapera, mekundu kwa ndani, yamekatwa nusu nusu, na mbegu zote.

"Mwambie mwenye nyumba ale," nilimsikia Mama akisema.

"Mama, unajua anasikia," Wafula akasema kwa upole.

"Mwambie."

Nilikaa kitandani na sahani magotini. Nilifunga macho. Nikala la kwanza, na la pili, na nikazitafuna mbegu kwa nguvu ili zilie. Upande wa pili hakuna aliyesogeza kiti.

"Muulize kama amekula na mbegu."

Wafula hakungoja niseme. Alichungulia kwenye ukingo wa pazia, akaona sahani.

"Amekula na mbegu, Mama. Amemaliza yote."

Kisha nikamsikia Mama akivuta pumzi, akakishika kikapu na kuinuka.